Mafunzo Niliyopata Kutoka Uwanja wa Zama za Kati, Ohio

Siku za Jumamosi, katika ukumbi wa kukodi au kambi ya maskauti nje ya mji wa Columbus, utawakuta wauguzi, walimu, madereva wa malori na mafundi wa kompyuta wamevaa nguo za kitani, wengine wamebeba ngao, wote wakiishi kwa siku nzima kama watu wa kabla ya mwaka 1600. Hilo ndilo kundi letu la Society for Creative Anachronism, chama ambacho wenyewe tunakiita SCA. Mimi ni mwanamke wa Lindi, nimeolewa huku Ohio, na kundi hili nimelizoea hadi limekuwa sehemu ya ukoo wangu. Ndugu zangu wakipiga simu huuliza nafuata nini kwa watu wanaochezea panga. Nimejibu kwa vipande vipande kwa muda mrefu. Haya hapa majibu yote pamoja.

1. Mila hulelewa

Chama hiki kina siku ya kuzaliwa. Tarehe 1 Mei 1966, Diana Paxson, ambaye baadaye alikuja kuwa mwandishi wa riwaya, aliwaalika marafiki zake uani kwake, mjini Berkeley, California. Walikuja na ngao na panga za kujitengenezea wakapambana kwa mtindo wa mashujaa wa kale, kisha wakaandamana hadi mtaa wa Telegraph Avenue wakiipinga karne ya 20. Berkeley ya miaka hiyo ilikuwa mji wa maandamano, nao wakachagua la kwao. Walipotaka kufanya tena, safari hii katika bustani ya umma, waliulizwa jina la chama chao. Marion Zimmer Bradley, mwandishi mwingine, akatoa hilo lililodumu hadi leo.

Tangu hapo miaka ya chama huhesabiwa kutoka siku ile ya Mei, na huandikwa kwa tarakimu za Kirumi. Dunia nzima imegawanywa katika falme 20. Ufalme wa kwanza ni wa Magharibi, ule wa Mashariki ukafuata mwaka 1968, na wetu, Ufalme wa Kati, ukaanza mwaka 1969. Ukiitazama ramani yao utaona kwamba Lindi iko chini ya Drachenwald, ufalme unaochukua Ulaya na Afrika. Mama yangu nilipomwambia kwamba ana mfalme Ulaya aliniuliza kama kuna kodi.

Sisi watu wa pwani tumezoea kwamba mila ni ile iliyokutwa na babu. Hapa nimeona mila ikiwa na waliohudhuria kuzaliwa kwake, na bado inaheshimiwa. Kwenye kundi letu yuko bibi mmoja anayetunza sanduku la mbao: bendera ya kwanza iliyoshonwa kwa mkono, picha zilizopauka, orodha za vyakula vya karamu za zamani. Mgeni akija, bibi huyu hamwachi aondoke kabla hajajua kwa nini kila mtu huja na sahani, bilauri na mshumaa wake kwenye karamu, kwa nini tunainama tukipita mbele ya viti vya mfalme na malkia hata wakiwa hawajakaa. Hizo ni adabu ndogo, na bila bibi huyu zingekuwa zimekwisha. Nimemwona akirudia maelezo yale yale kwa vijana wasiokuwa na haraka ya kusikiliza, kwa sauti ile ile ya upole, na nikaelewa kwamba mila hudumu kwa sababu kuna mtu asiyechoka kueleza.

2. Aliyepigwa ndiye mwamuzi

Hili ndilo lililonifunga kwenye chama hiki, na nikipata msikilizaji huwa silimalizi.

Mapigano ya SCA si maigizo. Hakuna aliyepangiwa kushinda. Panga ni za henzirani, zimeviringishwa utepe wa gundi, lakini deraya na kofia za chuma ni za kweli, na pigo likikupata ubavuni unalisikia hadi kesho yake. Sasa, mshindi anapatikanaje? Wako wasimamizi uwanjani, kazi yao ni usalama: mmoja akiona kamba ya kofia imelegea hupaza sauti, na uwanja mzima husimama papo hapo. Lakini hawasemi nani kapigwa. Anayesema ni yule aliyepigwa. Yeye peke yake ndiye anayejua kama pigo lilimpata sawasawa, kwa nguvu ambayo upanga wa chuma ungemuua. Likiwa la mguu, hupiga magoti na kuendelea akiwa chini. Likiwa la mkono, mkono huo hauutumii tena. Likiwa la kichwa au kifua, huanguka mwenyewe.

Nilishuhudia pambano moja la fainali. Jamaa mrefu, fundi bomba kwa kazi yake, alikuwa akimsukuma mwenzake nyuma hatua kwa hatua, na sote tulijua anaelekea kushinda. Ngao zikagongana. Kutoka tulipokaa hatukuona chochote zaidi ya vumbi na migongo. Ghafla yule mrefu akashusha upanga, akarudi hatua moja, akainamisha kichwa na kulala chini kwenye nyasi. Upanga wa mwenzake ulikuwa umepita chini ya ukingo wa ngao. Hakuna aliyeuona. Mwenzake mwenyewe alisimama akimwangalia kama asiyeamini, kisha akapiga goti pembeni yake na kumpa mkono wa kumwinua.

Nimeishi katika ofisi na mitaa ambako mtu hushindwa akiwa ameshikwa tu. Kumwona mtu mzima akijishinda mwenyewe mbele ya watu, kwa jambo ambalo angelificha na asijulikane, kulinigusa kuliko hotuba yoyote kuhusu uaminifu. Na hapo pana jambo kubwa zaidi: katika kila ufalme, mfalme na malkia hupatikana kwa njia hiyo hiyo. Mashindano ya taji hufanyika, mshindi hutawala kwa miezi michache pamoja na yule aliyempigania, kisha wengine hushika zamu. Kiti kizima cha enzi kinasimama juu ya neno la walioshindwa.

3. Mtu hajitwalii cheo

Kila mwanachama huchagua mtu wa kuishi kama yeye: jina, mji, karne. Lakini haruhusiwi kuwa mtu maarufu aliyewahi kuishi, wala kujiita mfalme au hata bwana fulani. Unaanza kama raia. Vyeo hutolewa mbele ya baraza, mpiga mbiu akiita jina lako. Wapo wanaopata mkanda mweupe kwa upiganaji, wapo wa Laurel kwa ufundi na elimu, wapo wa Pelican kwa utumishi, na daraja hizo tatu ni sawa kwa heshima. Anayepanga meza na kuosha masufuria kwa miaka hukaa safu moja na mpiganaji hodari. Hilo la mwisho ningependa vyama vyetu vya huku ughaibuni vilitazame.

4. Jiko linajua historia kuliko maktaba

Mpishi mkuu wetu aliniomba nitoe chakula kimoja cha kwetu kwa karamu ya majira ya baridi. Sharti ni kwamba kiwe kimeandikwa mahali, kabla ya 1600. Hapo ndipo nilipoanza kuondoa vitu mezani. Ugali wa mahindi ukaondoka, kwa kuwa mahindi yametoka Amerika na yalifika kwetu baada ya Wareno. Mihogo ikafuata njia hiyo hiyo. Nyanya, viazi vitamu, karanga na pilipili kali, vyote vikaenda. Niliketi nikijiuliza bibi wa bibi zangu walikuwa wanatia nini chunguni.

Jibu lilikuwa kwa msafiri Ibn Battuta. Mwaka 1331 alishuka pwani yetu kupitia Mogadishu na Mombasa hadi Kilwa, na Mogadishu aliandika alivyokirimiwa: wali uliopikwa kwa samli ukapakuliwa kwenye sinia kubwa la mbao, juu yake vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga. Pembeni, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa. Kisha maziwa mgando, na ndimu za achari, tangawizi mbichi, maembe, na pilipili zilizotiwa siki na chumvi. Pilipili hizo haziwezi kuwa hizi kali za leo, maana hazikuwa zimevuka bahari bado. Nilitumia pilipili ndefu ninayoipata kwa Wahindi, dada wa pilipili manga.

Ndizi nilinunua kwenye duka la Waganda. Mama alinikumbusha kwenye simu, "Mwanangu, mikono ipake mafuta kwanza, utomvu hautoki." Nikamenyea ndani ya maji ya chumvi, nikazichemsha nusu, nikamwaga maji, ndipo nikatia maziwa kwa moto mdogo, maana ukiyaharakisha hukatika na kuwa mabonge. Samli na iliki kidogo mwishoni. Karibu watu 80 walikula kwa mwanga wa mishumaa, na mzee mmoja anayeishi kama Mnorwei wa karne ya 10 alirudi jikoni na sahani yake kuomba ukoko.

Nilikulia mkoa mmoja na Kilwa. Shuleni tuliisoma kwa tarehe: sultani fulani, msikiti fulani, Wareno 1505. Hakuna aliyewahi kutuuliza walikula nini.

5. Swali zuri linaweza kutoka kwa mgeni

Mama mmoja wa kundini alinifundisha kusokota uzi wa sufu kwa kijiti kinachoning'inia, chini kikiwa na kigurudumu kizito cha kukizungusha. Nilipoanza kukimudu aliniuliza, kwa nia njema kabisa, vigurudumu vya kwetu vilitengenezwa kwa kitu gani. Sikuwa na jibu, nikaenda kulitafuta.

Wachimbuaji wa mambo ya kale walivikuta Kilwa na katika mji wa kale wa Shanga: vipande vya vyungu vilivyovunjika, vikasuguliwa pembezoni hadi vikawa mviringo, katikati vikatobolewa tundu. Yaani mwanamke alivunja chungu, akaokota kigae, akakisugua juu ya jiwe, akasokota pamba. Nimetengeneza changu kwa kigae cha chungu cha udongo cha maua. Kusugua kunachukua muda mrefu na vumbi lake jekundu huingia kwenye kucha. Lakini kikizunguka, pamba hujivuta vidoleni yenyewe.

Tangu hapo mtu ninayeishi kama yeye uwanjani ni msokotaji wa Kilwa wa zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule aliyemkaribisha Ibn Battuta, ambaye jumba la Husuni Kubwa linahusishwa naye. Siku za maonyesho kwa watoto wa shule hukaa na kigurudumu changu na picha ya hodhi la kuogea la pembe nane la jumba lile. Watoto wa Kimarekani wenye asili ya Afrika huja, hukaa chini, hawaondoki upesi. Nawaambia kuhusu dhahabu ya Sofala iliyopita bandarini, kuhusu sarafu za shaba za Kilwa, kuhusu twiga wa Malindi aliyepelekwa China mwaka 1415. Huyo twiga hushinda kila kitu.

Mavazi nayo yalinitoa jasho. Kanga haifai, ni ya karne ya 19. Ninavaa shuka mbili za pamba isiyotiwa rangi na shanga za kioo za rangi ya bahari. Dada zangu wakiona picha husema nimevaa kama ninayekwenda kuoshwa kwa harusi. Sawa, ila ndivyo ushahidi unavyoniongoza.

6. Vita vizuri huanza kwa utani

Kila mwaka, mwishoni mwa Julai na mwanzoni mwa Agosti, watu kama elfu kumi hukusanyika Slippery Rock, Pennsylvania, kwa wiki mbili za Pennsic, vita vya Ufalme wa Mashariki na wa Kati vilivyoanza mwaka 1972. Tunasimuliana kambini kwamba David Friedman, mchumi, akiwa mfalme wa Kati aliutangazia vita Ufalme wa Mashariki. Haukujibu. Akahamia Mashariki, akawa mfalme huko, akavikubali vita alivyovitangaza mwenyewe, na akashindwa. Mwanzoni ilisemwa kwamba atakayeshindwa ndiye atakayeuchukua mji wa Pittsburgh. Mtu wa pwani hahitaji kufafanuliwa: huo ni utani wa watani, ule ule wa Wangoni na Wanyamwezi, unaoruhusu watu kupigana mchana na kula sahani moja usiku.

Usiku ndio ninaoupenda. Moto huwashwa kila kambi, na anayepita na hadithi hukaribishwa. Nimesimulia hapo kwa Kiingereza mambo ya Kilwa, kisha nikaombwa niyaseme kwa Kiswahili, ili wasikie sauti yake tu. Wakanyamaza wote hadi nikamaliza.

7. Kazi iliyo mkononi sasa

Duarte Barbosa, Mreno wa mwanzo wa karne ya 16, aliandika kwamba Waislamu wa Sofala walifuma pamba nyeupe nyingi, lakini kwa kuwa hawakuweza kuitia rangi, walichukua nguo za buluu kutoka Cambay, wakazifumua uzi kwa uzi, kisha wakazifuma upya pamoja na uzi wao mweupe. Nimeagiza kitambaa cha pamba kilichotiwa nili kutoka Gujarat, eneo la Cambay yenyewe. Mama aliyenifundisha kusokota ana mtambo mdogo wa kufumia na amekubali kuniazima. Bibi wa sanduku la mbao naye ameomba apewe kipande cha kwanza akihifadhi pamoja na ile bendera. Tunaanza kufumua baada ya mvua za Aprili, kwa kuwa nili huacha rangi mikononi na tunataka kufanyia nje.