Kuchora Peke Yako Mlimani: Niliyojifunza Mtae

Mara ya kwanza nilipopanda Mtae kuchora ilikuwa Julai, kwa sababu ndiyo likizo niliyoipata. Simshauri mtu. Julai kule Usambara ni ukungu. Nilipaka rangi ya maji saa mbili asubuhi, na saa sita mchana karatasi ilikuwa bado mbichi. Ikajikunja kingo, na buluu ya anga ikateremka taratibu hadi kwenye mashamba ya watu. Siku hizi naenda Februari. Vuli imepita, masika bado, na asubuhi ukisimama ukingoni unaiona nyika ya Mkomazi yote chini yako, milima ya Upare kwa mbali, na kukiwa kweupe hasa, Kilimanjaro.

Nyumba ninayopanga ni ya matofali ya udongo na bati, vyumba viwili, haina umeme wala bomba. Lakini kabla hujafungua begi, jitambulishe. Mtu anayekaa peke yake kijijini, akiutazama mgomba mmoja kutwa nzima, huwatia watu wasiwasi, na wana haki. Nenda kwa mwenyekiti wa kijiji, kisha kwa jirani wa karibu. Wangu ni bibi mmoja mwenye ng'ombe wawili.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wenzako wako wapi?"

"Niko peke yangu. Nimekuja kuchora."

Akanyamaza kidogo. "Basi kila ukiamka, anika kanga pale kambani. Nisipoiona, namtuma mjukuu aje akuangalie."

Sijawahi kupewa ulinzi bora kuliko huo. Popote utakapokwenda kujitenga, tafuta mtu wa kukuangalizia kanga yako.

Sasa moto, na hapa naomba unisikilize vizuri. Baridi ya usiku itakushawishi uingize jiko la mkaa chumbani. Usithubutu. Hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa haionekani wala hainuki, na imeua watu wengi usingizini. Pika nje, jiko lilale nje, wewe beba mablanketi mawili na soksi nzito. Jambo la pili wachoraji wengi hawaambiwi: vitambaa ulivyofutia brashi zenye mafuta ya kitani usivirundike pembeni. Mafuta yale yanapokauka hutoa joto, na rundo linaweza kuwaka lenyewe bila kiberiti. Mimi huvitandaza nje kimoja kimoja, au huvizamisha kwenye kopo la maji lenye kifuniko.

Chakula hakina shida, viazi, karoti na kabichi ziko tele. Maharage tu ndiyo yaloweke usiku kucha, kwa kuwa kule juu maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100 na maharage hukawia kuiva.

Siku tatu za mwanzo usizihukumu. Sikio bado linatafuta mlio wa simu, na mkono unachora mlima ulioukariri, si huu ulio mbele yako. Mimi huchagua kitu kimoja nikakirudia kila asubuhi. Safari iliyopita ulikuwa mgomba wa nyuma ya jiko. Siku ya nne ndipo nilipoona kwamba jani lile halikuwa kijani tu: jua lilipolipiga kwa nyuma, kando ya uti palikuwa njano tupu, na kwenye mkunjo wa kivuli palikuwa na zambarau. Rangi hizo zilikuwepo siku zote. Kwa ajili ya asubuhi moja kama hiyo niko tayari kubeba maji ndoo kwa ndoo.

Rangi huzigusa tangu alfajiri hadi saa nne, kisha tena kuanzia saa kumi jioni. Katikati nafua, nachota maji, nalala. Usiku sipaki kabisa. Mwanga wa kandili ni wa njano, kwa hiyo njano iliyoko kwenye picha huonekana nyeupe na buluu huwa kama nyeusi. Niliwahi kumaliza shamba zima la mahindi usiku nikaridhika nalo. Kulipokucha lilikuwa na rangi ya manjano ya kupikia. Nilikwangua lote kwa kisu.

Usiku ni wa mkaa wa kuchorea, nao hutengenezwa hapohapo. Chukua vijiti vikavu, vyembamba kama penseli, uvimenye maganda. Vipange vibanane kwenye kopo la bati, funga kifuniko, toboa tundu dogo kwa msumari, kisha fukia kopo kwenye makaa. Moshi utatoka tunduni, mzito mwanzoni, halafu mwembamba. Ukikatika, liipue kopo, liache nje hadi asubuhi. Usifungue likiwa la moto. Hewa ikiingia, vijiti huwaka na unabaki na majivu.

Asubuhi natikisa kopo kabla ya kulifungua. Vijiti vilivyoiva hulia vikali, kama vigae vinavyogongana. Huanika kanga, nikachukua kijiti kimoja, nikakaa mlangoni kungoja ukungu uachie bonde.