Kung'arisha Rangi ya Gari la Mtoto: Tumia Maji



Katika kambi za Djugu, toka Mongbwalu mpaka Bambu na Nizi, baba wengi wana mikono ya ufundi. Kopo la maziwa linakatwa, waya inapindwa, visoda vinakuwa magurudumu, na Jumapili mtoto ana lori lake. Kisha baba anataka lori ling'ae kama lile la shefu. Hapo somo letu linaanza, maana kazi ya kupaka na kusugua rangi hufanywa mara nyingi barazani, karibu na sufuria na mtoto anayetambaa.

Kwanza, chagua kopo. Kopo lililowekwa zebaki ya kushikia dhahabu, au dawa yoyote ya kazi, halifai hata ukiliosha mara kumi. Chukua la maziwa au la samaki.

Halafu rangi. Rangi nyingi za mafuta, hasa njano na nyekundu inayowaka, zimetengenezwa kwa risasi, yaani plombu. Ile rangi ya machungwa inayopakwa kwenye vyuma kuzuia kutu, miniumu, ni risasi yenyewe. Usibebe mabaki yake nyumbani. Mtoto hutia gari mdomoni, na risasi ikiingia damuni huharibu ubongo unaokua. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama. Kama kopo la rangi halina maandishi yanayosema haina risasi, liache. Hata rangi ya garaji inayochanganywa na dawa ya kukaushia uiache: ina isosianati, inayoleta pumu, na kitambaa puani hakiizuii.

Ukiwa na rangi nzuri, osha bati kwa sabuni, likauke, usiliguse tena kwa vidole vyenye mafuta. Paka nyembamba, mara tatu au nne, kuliko mara moja nzito inayochuruzika. Siku ya mvua usipake rangi ya kukauka upesi: unyevu hunaswa juu yake, nayo inafifia kama kioo chenye ukungu. Rangi ya mafuta ina hila nyingine, hukauka juu huku chini bado ni laini. Ipe juma zima. Bonyeza kwa ukucha chini ya gari, pasipoonekana. Alama ikibaki, ngoja. Wengi huharibu kazi hapa kwa haraka tu.

Sasa kusugua. Wewe uliyefanya kazi na mashine ya kutoboa mwamba unajua kwa nini maji hupitishwa kwenye chuma chake. Vumbi la kwarzi likitobolewa kavu huingia mapafuni na kuleta silikosi, ugonjwa usiopona. Maji hulishika vumbi kabla halijaruka. Gari la mtoto linafuata sheria ileile. Mwaka 1921, huko Geneva, mkutano wa Shirika la Kazi Duniani ulipitisha mapatano namba 13 juu ya rangi nyeupe ya risasi, na ndani yake wachoraji wa nyumba walitakiwa wakingwe na vumbi la kusugua rangi kavu.

Basi nunua msasa wa maji, namba 1000 kisha 2000. Namba ikizidi, msasa unazidi ulaini. Uloweke ndani ya maji yenye sabuni kidogo, sugua polepole, chovya tena kila mara. Kwenye kingo na pembe usikaze mkono: rangi huwa nyembamba pale, na bati litatokea upesi. Gari likiwa na sura ya maziwa, bila mng'ao hata kidogo, usishtuke, ndivyo inavyotakiwa. Lioshe, kisha chukua dawa ya meno nyeupe ya kawaida kwenye kitambaa cha pamba chenye maji. Ina unga laini unaosugua. Zungusha mpaka uone uso wako.

Maji machafu yamwage ndani ya shimo mbali na kisima, si uani wanapocheza watoto. Kitambaa chenye mafuta ya lini usikikunje na kukitupa pembeni, kinaweza kujipasha moto na kuwaka chenyewe. Kiloweke ndani ya kopo la maji.

Esanse ya kuzimulia rangi itumie nje, mbali na mbabula, na usiiweke kamwe ndani ya chupa ya soda. Mtoto akiinywa, usimtapishe wala usimpe maziwa kama dawa: akitapika, esanse inaweza kuingia mapafuni, na hapo ndipo huua. Mpeleke dispanseri mara moja, na chupa uichukue, ili mganga ajue alichokunywa.