STATA YA MOTOKAA: HAMALI MDOGO, KAZI KUBWA

Wasomaji wetu wamezoea kuona dereva akiketi, akigusa swichi, na mara injini ikanguruma. Zamani haikuwa hivyo. Mjerumani Paul Graetz alipoondoka Dar es Salaam mwezi wa Agosti 1907, akavuka Afrika kwa motokaa hata akafika Swakopmund mwezi wa Mei 1909, motokaa za siku zile ziliamshwa kwa hendeli na nguvu za mkono.

Kazi ile ilikuwa ya hatari. Cheche ikiwaka kabla pistoni haijafika juu, injini hurudi nyuma ghafula, na hendeli humpiga mwenye kuizungusha. Wengi walivunjika mikono. Yasimuliwa kwamba Bwana Henry Leland, mkuu wa kiwanda cha Cadillac huko Amerika, alifiwa na rafiki yake kwa ajali ya namna hiyo, akataka dawa ya jambo hilo.

Aliyeipata ni Bwana Charles Kettering wa mji wa Dayton, mwaka 1911. Wataalamu wengi walidhani kwamba mota ya umeme iwezayo kuzungusha injini sharti iwe kubwa mno, hata garini pasiwe na nafasi. Hesabu hiyo yafaa kwa mota ifanyayo kazi mchana kutwa. Lakini Kettering alikuwa amekwisha kutengeneza mota ndogo ya kufungulia mashine ya fedha dukani, naye alijua ya kuwa kazi ya kitambo kidogo ina hesabu nyingine.

Tuwakumbuke wachukuzi wa Bagamoyo. Mpagazi wa safari ya Tabora alichukua kama frasila mbili, kwa maana njia yake ilikuwa ya miezi. Hamali wa pwani, apandishaye mizigo jahazini, huweza kujitwika zaidi ya hapo, kwa kuwa hatua zake ni chache, kisha hupumzika. Stata ni hamali wa pwani.

Tena alisaidiwa na meno. Gurudumu dogo lenye meno 10 likizungusha kubwa lenye meno 100, dogo huzunguka mara kumi ili kubwa lizunguke mara moja. Mwendo hupungua, nguvu huongezeka.

Motokaa za Cadillac za mwaka 1912 zilitoka na stata hiyo, na mashine ile ile, injini ikiisha kuwaka, iligeuka dinamo ya kujaza betri. Baadaye Bwana Vincent Bendix alileta gurudumu dogo liingialo lenyewe katika meno makubwa, na kujitoa injini ikiwaka.

Katika habari hii mna mafundisho mawili. Kwanza, dereva asiishikilie stata kwa muda mrefu. Injini isipowaka kwa sekunde chache, aiache ipoe, maana hamali asiyepumzishwa huanguka: nyuzi za shaba huungua na betri huisha. Pili, mwenye mashine ya hendeli, kama ya kusagia nafaka au ya mashua, aweke kidole gumba upande mmoja na vidole vingine, wala asikizungushe hendeli, ili ikirudi nyuma imtoke mkononi bila kumvunja.

Basi, kabla ya kupima ukubwa wa kazi, tuulize kwanza: itadumu muda gani?