Vidonge vya vitamini na dawa za mitishamba: faida zake na hatari zake

Leo tuzungumze juu ya vile vichupa vilivyojaa kwenye kabati zetu: vitamini za dukani, unga wa mlonge, mafuta ya habbat soda, vidonge vya kitunguu saumu, na mizizi aliyotufungashia mama kutoka nyumbani.

Mimi ni muuguzi, nimesomea kazi hii nyumbani na hapa Marekani. Kote kuwili nimeona jambo moja. Mgonjwa akiulizwa anatumia dawa gani, hutaja zile za daktari tu. Hizi nyingine hazitaji, ama kwa kuona haya, ama kwa sababu kwake yeye si dawa. Hapo ndipo hatari inapoanzia.

Je, zina faida?

Ndiyo, kwa mtu anayezihitaji. Ngozi nyeusi hutengeneza vitamini D kidogo zaidi kwenye jua kuliko ngozi nyeupe, na hapa Washington majira ya baridi hatulioni jua la maana. Mtu mzima anahitaji yuniti 600 kwa siku, na aliyepita miaka 70 anahitaji 800. Mwanamke anayeweza kushika mimba anashauriwa kupata mikrogramu 400 za asidi ya foliki kila siku, tena aanze kabla ya mimba, kwa sababu msingi wa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hujengeka katika wiki nne za mwanzo. Mwenye upungufu wa madini ya chuma hupewa vidonge vyake baada ya kupimwa damu. Lakini mtu mwenye afya anayekula mboga za majani, maharage, samaki na matunda, mara nyingi hahitaji chupa nyingi.

Je, serikali imezipima?

Wengi hudhani kitu kikiuzwa dukani Alexandria au Hyattsville, basi kimeshapimwa. Sivyo. FDA, idara inayosimamia chakula na dawa, ina makao yake hapa hapa Silver Spring. Lakini kwa sheria ya mwaka 1994, mtengenezaji wa virutubisho hivi halazimiki kuithibitishia FDA kwamba bidhaa yake inafanya kazi kabla ya kuiuza. Mara nyingi FDA huingilia baada ya madhara kutokea.

Mfano ni efedra, mmea uliouzwa kwa ajili ya kupunguza unene. Februari 2003 Steve Bechler, mchezaji wa timu ya besiboli ya Baltimore Orioles, alikufa kwa joto kali akiwa mazoezini Florida. Alikuwa na miaka 23, na daktari aliyechunguza maiti alisema efedra ilichangia. FDA iliipiga marufuku mwaka 2004.

Hatari za kuangalia

1. Kugongana na dawa za hospitali. Mmea uitwao St. John's wort, unaouzwa kwa ajili ya huzuni, hupunguza nguvu ya dawa za UKIMWI, vidonge vya uzazi wa mpango na warfarini. Vidonge vya kitunguu saumu au ginkgo pamoja na warfarini vinaweza kuleta kutokwa damu. Chuma na kalsiamu huzuia dawa ya tezi ya shingo isiingie mwilini, hivyo viachanishwe kwa saa nne.

2. Kuzidisha. Vitamini A ikizidi huharibu ini, na kwa mjamzito inaweza kumlemaza mtoto tumboni. Mwaka 1994 utafiti wa wanaume zaidi ya 29,000 wavuta sigara huko Finland ulionyesha kuwa waliopewa vidonge vya beta-karotini walipata saratani ya mapafu zaidi kuliko wasiopewa.

3. Watoto. Vidonge vya chuma vya mama vinaweza kumuua mtoto mdogo akivimeza kama peremende. Mafuta ya mwarobaini nayo yamewahi kuwadhuru watoto wachanga walionyweshwa.

4. Kuacha tiba. Tunakumbuka mwaka 2011, maelfu walipokwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji Ambilikile Mwasapile. Wapo walioacha dawa za UKIMWI wakiamini wamepona. Presha na kisukari havina kelele. Unaweza kujisikia vizuri huku figo zinaharibika.

Ufanye nini?

- Siku ya miadi, tia vichupa vyote kwenye mfuko mmoja, pamoja na mizizi na unga, umwonyeshe daktari au muuguzi. Usione haya.
- Kama huna bima, muulize mfamasia wa duka la dawa. Haulipi, wala huhitaji miadi.
- Kama unatarajia upasuaji, sema mapema. Baadhi huachwa wiki moja au mbili kabla.
- Chagua chupa yenye alama ya USP. Maana yake kilichoandikwa ndicho kilichomo, ingawa si uthibitisho kuwa kinatibu.
- Mtoto akimeza, piga 1-800-222-1222 usiku au mchana, ni bure. Akizimia au akishindwa kupumua, piga 911.
- Usiache dawa ya daktari kabla ya kuongea naye.

Wazee wetu walijua miti, nasi hatuidharau. Ila mti wenye nguvu ya kuponya una nguvu ya kudhuru pia, na muuguzi wako hawezi kukukinga na asichokijua.