Kuchagua Kompyuta Mpakato kwa Kazi ya Kutunga Programu

Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Leo kijana wa Morogoro anayejifunza kutunga programu ana shida nyingine: kompyuta zimejaa madukani, na fedha alizo nazo hutosha kununua moja tu. Hapana budi ajue jambo la kutanguliza.

Kwanza ni kumbukumbu ya kazi. Mtunzi hufungua kihariri, kivinjari na hifadhidata kwa wakati mmoja. Kumbukumbu ikijaa, kompyuta huhamishia data kwenye diski, ambayo ni ya polepole zaidi, na kazi hukwama. Gigabaiti 8 zafaa kuanzia; 16 ni bora. Aulize pia kama yaweza kuongezwa, maana katika mashine nyingi imelehemiwa.

Pili ni diski. Ile isiyo na sahani izungukayo husoma haraka, tena hustahimili mtikisiko wa gari lipandalo Milima ya Uluguru.

Tatu ni betri, ambayo uwezo wake hupimwa kwa wati-saa. Betri ya wati-saa 50, kompyuta ikitumia wati 10, hudumu saa 50 ÷ 10 = 5. Kazi nzito ikihitaji wati 25, hudumu saa 2 tu. Umeme ukikatika, tofauti hiyo ndiyo huamua kama kazi itakamilika.

Rangi na wembamba wa mashine vyaweza kungoja.

Zoezi: Kompyuta iliyokwisha kutumika ina betri ya wati-saa 60, iliyobakiwa na asilimia 70 ya uwezo wake. Itadumu saa ngapi kwa wati 12? (Jibu: saa 3½.)