Kapteni Aliyeshona Nguo za Mwanawe

Mara nyingi baba wa nyumba hutujia na shitaka lile lile: "Padre, mtoto wangu hanisikii. Nimemwonya, nimemkemea, nimemchapa, wala habadiliki." Kisha hutuomba tumwite kijana huyo tumpe maneno makali. Twamwita, na maneno twampa. Lakini hatuna budi kukiri kwamba mara nyingine, baada ya kumsikiliza kijana kwa utulivu, tumeona kwamba maneno yale yangalifaa zaidi kumwendea aliyetuletea shitaka.

Kwa hiyo leo twapenda kuwapa akina baba somo, wala hatutalitoa katika kitabu cha malezi. Tutalitoa katika maisha ya mtu mmoja aliyekuwa askari kwa zaidi ya miaka 25, akafiwa na mke, akamlea mtoto peke yake, akafa maskini katika mji uliotekwa na adui. Jina lake Karol Wojtyła. Msomaji atauliza: je, huyo siye Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili? Siye. Huyu ni baba yake mzazi, ambaye alimpa mwanawe jina lake mwenyewe.

Alizaliwa tarehe 18 Julai 1879 huko Lipnik, upande wa kusini wa Polandi. Wakati ule Polandi haikuwa dola. Mataifa matatu makubwa yalikuwa yamegawana nchi hiyo, na sehemu ya kusini ilikuwa chini ya Kaisari wa Austria. Baba yake alikuwa fundi cherehani, naye akajifunza ufundi huo huo. Mwaka 1900 aliitwa jeshini, akawekwa katika Rejimenti ya 56 ya askari wa miguu. Sindano akaiweka chini, asijue kwamba siku moja ataiokota tena.

Msomaji asitazamie habari za mizinga na bendera. Kazi yake jeshini ilikuwa hasa ya ofisini: hesabu, barua, orodha za watu na mali. Wakubwa wake waliandika katika karatasi zake kwamba ni mtu mwaminifu, mwenye adabu, mpole, asiyechoka kazini. Neno hilo la "mpole" limetusimamisha kidogo, maana wengi wetu tumezoea kudhani kwamba askari hodari hutambulikana kwa sauti yake. Polandi ilipopata uhuru wake mwezi wa Novemba 1918, aliingia katika jeshi la nchi yake. Hata baada ya kuvua sare, watu wa mji wake waliendelea kumwita Kapteni, na sisi tutamwita hivyo hivyo.

Mji wenyewe ni Wadowice, mji mdogo ulio kiasi cha kilomita 50 kutoka Kraków. Hapo Kapteni aliishi na mkewe Emilia, aliyemwoa mwaka 1906. Mwana wao wa kwanza, Edmund, alizaliwa mwaka huo huo. Binti yao Olga alifariki mara tu baada ya kuzaliwa. Karol mdogo akazaliwa tarehe 18 Mei 1920. Walikaa katika vyumba vichache vya kupanga, katika nyumba ya Myahudi mmoja, na dirisha lao lilitazamana na ukuta wa kanisa la parokia. Kapteni alipostaafu, riziki yao ilikuwa pensheni ndogo ya jeshi.

Tarehe 13 Aprili 1929 Emilia alifariki. Karol alikuwa hajatimiza miaka tisa. Kaka yake alikuwa Kraków akisomea udaktari. Basi nyumbani wakabaki watu wawili, mzee wa miaka 49 na mtoto.

Hapa ndipo somo linapoanza. Kapteni angaliweza kuoa tena, wala Kanisa lisingalimkataza. Angaliweza kumpeleka mtoto kwa jamaa wa mama yake, akabaki na pensheni yake na gazeti lake. Hakufanya hivyo. Kwanza alimchukua mwanawe wakaenda kuhiji Kalwaria Zebrzydowska, mahali patakatifu pa Bikira Maria karibu na mji wao. Kisha walirudi nyumbani, na Kapteni akaanza kazi ambayo jeshi halikumfundisha. Alfajiri aliamka akatengeneza chakula cha asubuhi. Mchana walikula katika mkahawa mdogo wa jirani, na jioni alipika tena mwenyewe. Alifua nguo. Akaichukua ile sindano aliyoiacha tangu mwaka 1900, akazipasua sare zake kuukuu, akazikata na kuzishona upya ziwe nguo za mwanawe.

Twajua kwamba hapa wako watakaocheka. Mwanamume kufua? Kapteni mzima kushona suruali ya mtoto? Tumekwisha kuwaona wanaume ambao, mke akilazwa hospitalini wiki mbili tu, watoto wao huanza kuzunguka kwa majirani wakitafuta chakula, na baba mwenyewe hukaa barazani akimngoja shangazi afike. Wanaume hao husema kwamba heshima yao haiwaruhusu kushika sufuria. Kapteni Wojtyła alikuwa na cheo, na katika mji mdogo kila mtu alimjua. Lakini hatusikii kwamba yuko mtu wa Wadowice aliyemheshimu pungufu kwa sababu ya sufuria. Na kijana aliyevaa nguo zile shuleni hakupata kumwonea haya baba yake maisha yake yote.

Siku zao zilikuwa na utaratibu, na katika jambo hilo askari alionekana. Asubuhi Misa, kisha shule, kisha chakula, kisha saa ya kucheza, maana Kapteni hakumnyima mtoto mpira. Baadaye masomo, na jioni baba na mwana walitoka kutembea pamoja. Kapteni alimsimulia historia ya nchi yao na kumfundisha Kijerumani, hata akamwandikia kwa mkono wake kamusi ya Kipolandi na Kijerumani. Tafadhali msomaji ulifikiri jambo hilo. Mtu wa ofisi za jeshi, aliyekwisha kuandika orodha za viatu na mablanketi kwa miaka 25, anakaa mezani usiku akiandika orodha nyingine, ya maneno, kwa ajili ya mtoto mmoja.

Siku moja Kapteni alimwambia mwanawe, aliyekuwa mtumishi wa altare, kwamba hatumikii vizuri, kwa sababu hamwombi Roho Mtakatifu kama impasavyo. Hakumwacha hapo kwenye lawama. Alimpa sala moja kwa Roho Mtakatifu, akamwagiza aisali kila siku. Mwana akaisali kila siku tangu utoto mpaka uzee. Tarehe 18 Mei 1986, siku aliyotimiza miaka 66, alitia sahihi barua yake kuu juu ya Roho Mtakatifu, iitwayo *Dominum et Vivificantem*, na mwenyewe alieleza kwamba asili ya mambo hayo moyoni mwake ilikuwa ile sala ya baba yake. Sisi mapadre twapanda mimbarani kila Dominika, na mara nyingi twajiuliza ni neno gani letu litakalokaa moyoni mwa mtu hata wiki moja. Neno la Kapteni lilikaa zaidi ya miaka hamsini.

Lakini jambo lililomgusa kijana kuliko yote halikuwa neno. Baba na mwana walilala chumba kimoja. Mara kwa mara mtoto aliamka usiku, na katika giza akamwona baba yake amepiga magoti sakafuni, anasali. Kapteni hakujua kwamba anatazamwa. Hakufanya hivyo ili kumfundisha mtu. Alikuwa mjane mwenye huzuni aliyekwisha kumzika mkewe, na mwezi wa Desemba 1932 akamzika na Edmund, daktari wa miaka 26, aliyeambukizwa ugonjwa na mgonjwa aliyekuwa akimwuguza. Alikuwa na mengi ya kumwambia Mungu usiku. Yohane Paulo wa Pili, alipokuwa mzee na kuandika kumbukumbu za upadre wake, alisema kwamba yale aliyoyaona usiku ndiyo yaliyokuwa seminari yake ya kwanza. Alisema pia kwamba baba yake alijidai mwenyewe mambo mengi sana, hata hakuhitaji kumdai mwanawe.

Twawaomba akina baba waliotuletea mashitaka wayasome tena maneno hayo ya mwisho. Askari huyu alijua kutoa amri na kuzipokea. Angaliweza kuifanya nyumba yake kambi, na mtoto wake kuruta. Badala yake, amri zote alijipa mwenyewe: amka, pika, fua, sali. Mtoto alizisikia zote, ingawa hazikutamkwa.

Na jambo jingine, kwa wazazi wanaotaka kwa nguvu mtoto wao awe padre au mtawa. Yohane Paulo wa Pili alisema kwamba yeye na baba yake hawakupata kuzungumza juu ya wito wa upadre. Sisi tuliokaa miaka mingi katika seminari kuu tumewaona vijana waliosukumwa kuja, na tumewaona wakirudi kwao na machozi. Kapteni hakumsukuma mtu.

Mwaka 1938 kijana alimaliza shule, wakahamia wote wawili Kraków ili asome katika Chuo Kikuu. Walipata makao ya chini, karibu nusu ardhini, penye baridi na giza, hata rafiki zao wakayaita makatakombe. Mwaka uliofuata, tarehe 1 Septemba 1939, Wajerumani waliivamia Polandi. Baba na mwana walitoka mjini pamoja na maelfu ya watu, wakikimbilia mashariki, mara nyingi kwa miguu. Kapteni alikuwa na miaka 60, na nguvu zilikuwa zimempungua. Baada ya kiasi cha kilomita 200 walipata habari kwamba majeshi ya Urusi nayo yameingia kutoka upande wa pili. Wakageuka, wakarudi Kraków kwa Wajerumani.

Wapolandi wengi wa upande ule wa mashariki walichukuliwa na Warusi tangu mwaka 1940, wakapelekwa Siberia na Kazakhstan. Baadhi ya waliosalia walipata njia kupitia Uajemi, wakaja hata huku Afrika ya Mashariki. Kiasi cha watu 5,000, wengi wao wanawake na watoto, waliwekwa Tengeru karibu na Arusha, na wengine Masindi katika Uganda. Makaburi yao ya Tengeru yapo mpaka leo. Mwenye kuyapita na asome majina ya akina mama wale, maana walilea watoto peke yao kama Kapteni alivyolea wake, na tena katika nchi ya ugeni.

Chini ya Wajerumani pensheni ya Kapteni ilikatika. Chuo Kikuu kilifungwa. Sasa mwana ndiye aliyemlisha baba: mwaka 1940 aliingia kazi ya kuvunja mawe katika machimbo ya Zakrzówek, katika baridi kali ya Ulaya, na cheti cha kazi hiyo kilimwokoa asichukuliwe kwenda kufanya kazi ya kulazimishwa Ujerumani. Wakati wa Noeli Kapteni aliugua, akawa mtu wa kitandani. Kila siku kijana alipotoka kazini alipita kwa rafiki zake, akachukua chakula kilichopikwa, akampelekea baba.

Tarehe 18 Februari 1941 alichukua chakula na dawa. Dada wa rafiki yake alifuatana naye ili akipashe moto. Dada yule alikwenda jikoni, Karol akaingia chumbani, akamkuta baba yake amekufa.

Alilia sana, na kilichomliza zaidi ni kwamba hakuwapo. Hakuwapo mama yake alipofariki, wala kaka yake, wala sasa baba yake. Usiku kucha alikaa karibu na maiti akisali kwa magoti, kama alivyokuwa amemwona marehemu akisali. Hakuwa bado na miaka 21, na watu wote wa nyumba yao walikuwa wamekwisha kufa. Kapteni alizikwa katika makaburi ya Rakowice, Kraków.

Mwaka uliofuata kijana aliingia seminari, kwa siri, maana Wajerumani walikataza. Mengine wasomaji wetu wanayafahamu, na wazee wa Tanzania wanakumbuka mwezi wa Septemba 1990, Baba Mtakatifu alipoizuru nchi yao. Alitangazwa Mtakatifu tarehe 27 Aprili 2014. Tarehe 7 Mei 2020, huko Wadowice, ilifunguliwa kesi ya kuwaombea Kapteni na Emilia watangazwe Wenye Heri. Hatutaki kuitangulia hukumu ya Kanisa.

Katika parokia zetu padre mpya anapotoa Misa yake ya kwanza, baba na mama hukaa mbele kabisa, wamevaa vizuri kuliko siku ya arusi yao, na baraka ya kwanza huwa yao. Karol Wojtyła alipewa upadre tarehe 1 Novemba 1946. Kesho yake, siku ya Marehemu Wote, alishuka katika kanisa dogo la Mtakatifu Leonardi, chini ya kanisa kuu la Wawel, penye makaburi ya wafalme wa Polandi, akatoa Misa tatu, kwa ajili ya mama yake, kaka yake na baba yake.