Bustani za Ngazi: Wakale Watufunza Nini?

Wahenga walinena kuwa ya kale ni dhahabu. Zikitajwa bustani za kale zilizojengwa ngazi kwa ngazi, wengi wetu huwaza zile Bustani Zinazoning'inia za Babeli, mojawapo ya maajabu saba ya ulimwengu wa kale. Lakini ndugu msomaji, wachimbuzi wa mambo ya kale hawajapata mabaki yake ya hakika hata leo. Ziko bustani nyingine ambazo hazikupata sifa kama hizo, na bado zipo, mtu anaweza kuzikanyaga kwa miguu yake. Hizo ndizo nitakazozieleza, kisha tuone vile mtu mwenye kiploti cha mteremko anavyoweza kuziiga nyumbani.

Wakonso wa Ethiopia

Majirani zetu Wakonso wanaishi kusini mwa Ethiopia, kwenye vilima vikavu vyenye mawe mengi. Kwa zaidi ya miaka 400 wamekuwa wakiyapanga mawe hayo kuwa kuta, bila saruji yoyote. Mahali pengine ukuta hufika urefu wa mita 5. Nyuma ya kila ukuta kuna kipande cha shamba kilicho sawa, na humo hupandwa mtama na mimea mingine. Mwaka wa 2011 UNESCO iliiweka nchi hiyo ya Wakonso katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Kazi ya kuta hizo si kupamba kilima. Kwanza, zinashika udongo. Pili, zinayachelewesha maji ya mvua ili yazame ardhini. Tatu, maji yakizidi yanaachiwa njia ya kutokea.

Wainka wa Peru

Tuvuke bahari sasa. Huko Peru kuna mji wa mawe uitwao Machu Picchu, uliojengwa na Wainka katika karne ya 15, mita 2,430 hivi juu ya usawa wa bahari. Shida yao ilikuwa kinyume cha ile ya Wakonso. Mvua ilikuwa nyingi, na mlima ungeweza kuporomoka.

Basi walifanyaje? Chini kabisa ya ngazi waliweka mawe makubwa, juu yake kokoto, kisha mchanga, na mwisho udongo wenye rutuba. Maji yalipita polepole katika tabaka hizo bila kuusukuma ukuta. Tena kuta zenyewe ziliegemea ndani kidogo, upande wa mlima. Ndiyo maana nyingi zimesimama hadi leo.

Hapo tunapata funzo kubwa: ukuta hauna vita na maji. Anayejenga ili ayazuie kabisa, maji yatamwangushia ukuta. Anayejenga ili yatembee polepole, yatamfanyia kazi bure.

Hapa kwetu Kenya

Usidhani jambo hili ni la ng'ambo tu. Katika miaka ya 1930 udongo wa Machakos ulikuwa umemomonyoka vibaya sana. Serikali ya kikoloni ililazimisha watu kuchimba matuta, na wengi waliichukia kazi hiyo ya shuruti. Baadaye vikundi vya mwethya, ambamo akina mama walikuwa wengi, vilichimba kwa hiari katika mashamba yao wenyewe. Njia iliyopendwa ni ile ya "fanya juu": unachimba mtaro kukata mteremko, na udongo unautupa upande wa juu. Miaka ikipita, shamba hujitengeneza ngazi lenyewe.

Jinsi ya kujenga nyumbani

Nyumbani kwetu bustani iko nyuma ya jikoni, kwenye mteremko. Zamani mama alikuwa akimwaga mbolea ya ng'ombe, mvua ya Aprili ikinyesha inaenda kustawisha mboga za jirani! Sasa tuna ngazi tatu za mawe, na sukuma wiki hatununui tena kila jioni. Hatua ni hizi:

1. Mvua ikinyesha, tazama maji yanapita wapi. Weka alama za vijiti.

2. Tafuta usawa. Funga miti miwili mirefu pamoja na mmoja mfupi iwe kama herufi A. Kutoka kileleni ning'iniza uzi wenye jiwe. Uisimamishe mahali palipo sawa, na utie alama pale uzi unapogusa mti wa katikati. Ukiwa kwenye mteremko, uzi ukirudi kwenye alama, ujue miguu miwili iko sawa.

3. Udongo mweusi wa juu uchote uuweke kando. Huo ndio chakula cha mboga, usiufukie chini.

4. Chimba msingi, panga mawe makubwa chini, na ukuta uuegemeze upande wa mlima. Usizidishe urefu wa goti. Kama hakuna mawe, tumia magunia yaliyojazwa udongo.

5. Nyuma ya ukuta tia kokoto, kisha udongo wa chini, halafu ule mweusi pamoja na mbolea.

6. Acha njia ya maji yanayozidi, na uipande nyasi ili isichimbike.

7. Panda sukuma wiki, mchicha, kunde na dania. Mabua yatandaze juu ya udongo ili jua lisiukaushe.

Kama kwenu ni pakavu, kokoto zisiwe nyingi, maana mnataka maji yakae kama kwa Wakonso. Kama mvua ni nyingi, ongeza kokoto kama Wainka.

Tamati

Wanachama wenzangu, udongo ukishaenda mtoni haurudi. Wakonso hawakuwa na trekta wala digrii, walikuwa na mawe na ushirikiano. Sisi pia mawe tunayo, tunayakwaa kila asubuhi tukija shuleni. Haba na haba hujaza kibaba, basi Jumamosi hii anza na ngazi moja tu.

Maswali ya kujadili chamani

1. Kwa nini kuta za Wainka ziliegemea ndani?
2. Kwa nini matuta ya hiari hupendwa kuliko ya shuruti?
3. Tunga sentensi ukitumia: mteremko, rutuba, momonyoka, tabaka.